Mzigo Wangu Haujafika

Ujumbe wa namna hii huja usiku. Kule kwao ni mchana, mtu katoka kufungua sanduku lake la barua akakuta matangazo ya maduka tu; huku Jinja, Uganda, mimi nimeshashusha chandarua na taa nimezima. Simu inawaka: "Ni wiki ya sita sasa. Bahasha yangu haijafika. Naomba pesa yangu." Basi, usingizi umekwisha. Nalala chali nikiipigia hesabu dola 34 kana kwamba ni shamba la ukoo limeuzwa.

Nauza kwenye minada ya mtandaoni tangu 2014. Nilianza na stempu. Babu yangu mzaa mama alikuwa karani wa posta enzi za Jumuiya ile ya kwanza, wakati Kenya, Uganda na Tanzania zilipokuwa zikibandika stempu moja. Alihamishiwa Mombasa, kisha Nairobi, akarudi Jinja na Kiswahili kizuri na makopo matatu ya biskuti yaliyojaa bahasha za siku ya kwanza, zile zilizopigwa muhuri siku ileile stempu yake ilipotoka. Jumuiya ikavunjika 1977, makopo yakabaki. Alipofariki, wajomba waligombania shamba na baiskeli. Makopo hakuna aliyeyatazama, nikayabeba mimi. Baadaye nikaongeza vikapu, na lubugo, ile nguo ya gome la mutuba ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2005 kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi wa binadamu.

(Hapana, sina stempu za Millar. Kila mwezi hakosi mtu wa kuniuliza. Ni zile ambazo mmisionari Ernest Millar alizipiga kwa taipureta mwaka 1895, bei zake zikiandikwa kwa kauri. Kauri kwa Kiganda ni ensimbi, na hadi leo pesa tunaiita hivyohivyo. Ningekuwa nayo hata moja, nisingekuwa macho usiku kwa ajili ya dola 34.)

Miaka ya mwanzo nilikuwa na jibu moja kwa kila aliyesema mzigo haujafika: mwizi. Sikuwa peke yangu. Tuna kundi letu la wauzaji kwenye WhatsApp, wengi wa Kampala na Entebbe, na huko mtu akileta kesi yake tunamzomea mnunuzi kabla hatujasoma mpaka mwisho. Uchungu wetu una sababu. Kwenye eBay, mnada wa mtandaoni ninaouzia, tangu mwaka 2008 muuzaji hawezi tena kumwekea mnunuzi alama mbaya. Yeye anaweza kukuchafulia jina mbele ya dunia nzima, wewe huna pa kumtaja. Mtu aliyefungwa mdomo upande mmoja hupayuka upande mwingine, na sisi tulikuwa tunapayuka kwenye majibu.

Nilivyopayuka mimi nitasimulia, ingawa naona haya.

Mapema Machi 2020 nilimtumia mzee mmoja wa Kanada stempu za dola 18. Barua ya kawaida, bila rejista, yaani bila namba ya kuifuatilia, kwa sababu rejista ingekula nusu ya faida. Tarehe 22 ya mwezi huohuo uwanja wa Entebbe ukafungwa kwa ndege za abiria, na haukufunguliwa mpaka tarehe 1 Oktoba. Sasa, kitu ambacho watu wengi hawakifikirii ni kwamba barua hazina ndege yao. Sehemu kubwa husafiri tumboni mwa ndege za abiria, chini ya miguu ya watu wanaokula karanga. Abiria wakizuiwa, na barua zinakaa. Zile za ndege za mizigo zilipita kidogokidogo, nyingine zikarundikana kwenye viwanja vya katikati ambako hata posta zenyewe hazikujua zinangoja nini.

Hayo nayajua leo. Mwezi wa tano mwaka ule nilijua tu kwamba watu saba wamenidai kwa mpigo. Saba! Yule mzee alikuwa wa mwisho kuandika, tena kwa adabu, akasema anaelewa hali ni ngumu ila angependa kujua nina habari gani. Nikamjibu: "Mzee, mchezo huu tunaujua. Mmesikia ndege hazitembei mkaona ni msimu wa mavuno." Nimeuweka ujumbe ule, sijaufuta. Mnada ukamrudishia pesa yake kutoka kwangu kwa kuwa sikuwa na namba yoyote ya kuonyesha, nami nikamfungia asinunue tena kwangu.

Novemba simu ikawaka. Picha ya bahasha, mwandiko wangu, muhuri wa Jinja wa Machi. "Imefika leo," aliandika, "imezunguka kuliko mimi." Aliuliza kama nyumbani tuko wazima. Kisha akauliza anirudishie vipi zile dola 18, maana kila akijaribu mfumo unamwambia hawezi kufanya biashara na mimi. Ilibidi nimfungulie kwanza ndipo nimwombe radhi.

Kati ya wale saba, bahasha tano zilifika kabla ya mwaka kwisha. Wanne walinilipa tena bila kuombwa. Wa tano alinyamaza, nami nilimwacha.

Tangu hapo nimebadilisha mahali pa kuweka nguvu zangu. Ule usiku wa malalamiko ni wa kuchelewa. Kesi yote huwa nimeshaishinda au nimeshashindwa siku ile niliyokwenda dirishani. Babu aliupenda msemo wa watu wa Pwani, mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi niliurithi pamoja na makopo bila kuufanyia kazi.

Siku hizi naenda posta Jumanne asubuhi, kabla foleni haijajaa. Pale dirishani yupo mama mmoja anayenijua tangu nikiwa mdogo. Marehemu baba alikuwa jeshini, kwa hiyo kwake yeye mimi ni "mtoto wa afande" na nitabaki mtoto wa afande hata nikizeeka. Naweka kifurushi kwenye mizani, napiga picha kikiwa juu yake, uzito ukionekana na anwani ikionekana. Anapiga muhuri, napiga picha nyingine. Risiti nayo. Mwanzoni alikuwa akinikasirikia: "Wewe mtoto, unatupiga picha kama sisi ndio tunaiba?" Nikamweleza kwamba picha si ya kwake, ni ya kumwonyesha mnunuzi wa Ohio, Marekani. Sasa mwenyewe hunigeuzia mizani.

Fomu ya forodha, ile CN 22, naijaza kweli. Kila mwezi kuna mnunuzi anayeniomba niandike "zawadi" au nishushe thamani ili akwepe ushuru. Sikubali. Si kwamba mimi ni mtakatifu. Ukiandika kikapu ni dola 5 na kikapotea, huna uso wa kudai fidia ya dola 60, na mwombaji huyohuyo akifungua kesi atadai zote 60.

Halafu namba. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu namba iliniokoa mara moja kwa njia ambayo sikuitarajia.

Namba ya rejista ya kimataifa ina herufi mbili mbele, tarakimu tisa, na herufi mbili za nchi nyuma. Ya kwetu huishia UG. Herufi ya kwanza ikiwa R ni rejista, E ni EMS, posta ya haraka, C ni kifurushi. Utaratibu huo ni wa Umoja wa Posta Duniani, wenye makao Bern, na posta za dunia nzima zinaufuata. Mwaka juzi mnunuzi wa Ujerumani alifungua kesi. Nikampa namba kwa madaha, akarudi: "Namba hii haipo." Nami nikaitafuta, kweli haipo. Nikaanza kutokwa jasho. Risiti ilikuwa ile nakala ya kaboni, maandishi ya kijivu, na kuna tarakimu moja ungeweza kuisoma 1 au 7 kulingana na kiasi cha mwanga ulichonacho. Mimi nilisoma 7.

Kumbe tarakimu ya tisa haina kazi nyingine ila kuzilinda nane zilizotangulia. Unazizidisha zile nane, moja moja, kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9 na 7, unajumlisha, unagawanya kwa 11, na baki unaitoa kwenye 11. Jibu ndilo tarakimu ya tisa. (Ukipata 10 unaandika 0, ukipata 11 unaandika 5.) Tuseme namba ilikuwa 20614835 kisha 9, si yenyewe, lakini hesabu ni hiyohiyo. Jumla inakuja 156. Toa 154, baki 2, na 11 toa 2 ni 9. Sawa. Weka 7 mahali pa ile 1, jumla inakuwa 168, baki 3, jibu 8. Haikubali. Nilifanya hesabu hiyo nyuma ya risiti ya umeme, mezani, chai ikipoa, nikajua bila shaka yoyote kwamba ni 1. Nikaingiza namba sahihi: bahasha ilikuwa Frankfurt, inangoja forodha. Yule Mjerumani akafunga kesi mwenyewe baada ya siku nne. Sasa namba naiandika mara mbili kwenye daftari, na nafanya hesabu palepale dirishani, mama yule akiniangalia kama mtu anayepiga ramli.

Lakini hata ukiwa na namba, kuna saa mbili ambazo hazipatani. Saa ya posta ni ya subira. Bahasha ikipotea unajaza fomu ya kuulizia, CN 08, na unaruhusiwa kufanya hivyo ndani ya miezi sita tangu kesho yake ulipotuma. Posta yetu inaiandikia posta yao, posta yao inatafuta, inajibu. Saa ya mnada ni ya haraka. Kwenye eBay mnunuzi ana siku 30 tangu tarehe ya mwisho iliyokadiriwa ya kufika kufungua lalamiko, na muuzaji ana siku 3 za kazi kujibu. Aliyelipa kwa PayPal, ile huduma ya malipo ya mtandaoni, ana siku 180. Kwa hiyo jibu la CN 08 mara nyingi hunikuta nimeshakatwa pesa zamani, linafika kama mgeni wa matanga aliyekuja arobaini ikiwa imepita. Bado naijaza. Fidia ya rejista iliyopotea, ikija, ni ya mtumaji, na kuijaza kumenifundisha njia ipi hupoteza na ipi haipotezi.

Ninachoweza kukitawala ni ahadi. Zamani nilikuwa naandika "siku 10 hadi 15" ili kuvutia wateja. Uongo huo mdogo ndio uliokuwa ukinizalia kesi. Sasa naandika wiki tatu hadi tano, na bado watu wananunua. Na mtu akilalamika namjibu siku ileile, hata kama sina la kumwambia zaidi ya mahali namba ilipoonekana mara ya mwisho. Natia picha ya mizani na ya risiti. Namuuliza kwa upole kama mpeleka barua ameacha kikaratasi cha posta mlangoni bila yeye kukiona, kama kuna jirani anayempokelea, kama jina kwenye sanduku ni lake. Kisha namtajia tarehe: ikifika siku fulani bila mzigo, pesa nakurudishia mwenyewe, huna haja ya kumwita hakimu. Tarehe inatuliza watu kuliko samahani.

Wezi wapo, nisije nikaonekana nimeokoka. Aliyenipiga vizuri zaidi alikuwa mpole kuliko wote. Alinunua vikapu viwili na kipande kikubwa cha lubugo, dola 140, akalipa papo hapo. Kesho yake akaandika kwamba yuko kwa dada yake mwezi mzima, je, naweza kutuma huko? Akaweka anwani. Mimi, kwa ukarimu wa Kiganda, nikasema hakuna shida. Mzigo ulifika, namba ilionyesha umekabidhiwa, katika mji wa dada. Akafungua kesi: haujafika. Nikaleta namba yangu kifua mbele. Mnada ukauliza swali moja: umetumwa kwenye anwani iliyo kwenye oda? Haukutumwa. Nikalipa 140, na vikapu vikabaki kwa dada, kama dada yupo.

Nikiitazama kesi ile sasa naona kitu. Mpaka tulipomaliza, hakuuliza hata mara moja uko wapi. Mtu anayengoja mzigo huuliza mzigo: umetoka lini, umefika wapi, forodha wanasemaje. Yule aliuliza pesa tu. Sio kipimo cha kumfungia mtu jela, maana wapo wakweli wenye hasira wanaoanza na pesa, lakini mara nyingi hunionyesha pa kuangalia. Na anwani ikibadilishwa baada ya malipo, naifuta oda, narudisha pesa, namwomba anunue upya kwa anwani hiyo mpya. Mkweli ananung'unika kidogo kisha ananunua. Na mzigo ukifika dola 750 au zaidi, ambao kwangu ni wa nadra kama mvua ya mawe, ni lazima kupokelewa kwa sahihi, vinginevyo namba peke yake haikukingi.

Kuna kesi moja nilishinda na haikunipendeza. Sisi huku hatujui kuletewa barua mlangoni. Posta ya Uganda ni sanduku: una namba yako, una ufunguo wako, unakwenda mwenyewe. Kule Marekani mpeleka barua anaacha boksi barazani, anaisoma kwa skana, "imekabidhiwa", anaondoka. Kwa mnada, neno hilo limemaliza kesi. Mama mmoja wa huko aliandika kwamba skana inasema kikapu kimefika na barazani hakuna kitu. Nilikuwa na namba, nilikuwa na picha, nikashinda kwa siku mbili. Akaniandikia mstari mmoja: "Sijui nifanye nini tena."

Pesa sikumrudishia. Dola 65 kwangu ni ada ya shule. Lakini nilimwambia kitu ambacho nilikisoma kwa muuzaji mwenzangu: skana ya mpeleka barua huhifadhi mahali iliposomea, aende posta yake ya mtaa awaombe waangalie. Akaenda. Ilikuwa imesomea nyumba ya mwisho kwenye mtaa uleule, namba zimepinduliwa tu. Alipobisha hodi alimkuta jirani, mtu mwema, ambaye alidhani ni zawadi ya mkwewe na alikuwa ameshatia vitunguu. Nina picha ya vitunguu hivyo. Mwizi hakuwepo hata mmoja katika kisa chote.

Huku ndani mambo ni mepesi na magumu kwa namna nyingine. Minada ya WhatsApp, mtu anaweka dau kwa sauti, analipa kwa pesa ya simu, mzigo unapanda basi la usiku kwenda Arua ukiwa umeandikwa jina na namba ya simu kwa kalamu nene. Akisema haujafika, nampigia karani wa basi, karani anampigia konda, konda anasema "mbona uko hapa ofisini tangu jana, mwenyewe haji kuuchukua?" Dakika kumi. Hakuna CN 08 inayoshinda hiyo. Ila karani akizima simu, ndiyo basi tena.

Kwa kila vitu kumi ninavyouza nje, naweka kando bei ya kimoja. Bati la nne la biskuti, nimelinunua mwenyewe. Linaitwa la waliopotea. Mwaka jana lilibaki na pesa, nikanunua mizani yangu ya nyumbani.

Na jana usiku simu imewaka tena. Mtu wa Uhispania, bahasha tatu za siku ya kwanza za mwaka 1969, dola 41, siku ya ishirini na tisa tangu nitume. Hajasalimu. Ameuliza pesa kwanza, kisha mstari wa pili ameuliza kama pembe za bahasha zimekunjwa, kwa sababu anataka kuziweka kwenye fremu. Nimeiangalia namba: imetoka Entebbe tarehe 6, baada ya hapo kimya. Nimemtumia picha ya mizani, nimemwambia pembe ziko salama, na tarehe niliyompa ni Ijumaa ya wiki ijayo.